Dada, nianze na Kotlin au Flutter? Laptopu yangu ina RAM GB 4 na kikoba kinanisubiri

Shikamoo dada. Mi ni msomaji wako wa kimyakimya, sijawahi kuandika ila leo nimeona niandike tu maana kichwa kinataka kupasuka. Nina miaka 27, nipo Morogoro, nina kibanda cha uwakala wa kutuma na kutoa pesa, alafu kwenye kikoba chetu cha kinamama mi ndo mweka hazina, huu mwaka wa pili. Hesabu zote naandika kwenye kaunta buku. Kila Jumamosi tukikaa kuna hisa, kuna marejesho, kuna faini za waliochelewa, kuna mfuko wa jamii, na hapo lazima atokee mmoja aseme we si nilikupa elfu kumi wiki iliyopita mbona hujaniandika, basi tunaanza kufunua kurasa nusu saa nzima watu wamenuna.

Sa nikajisemea, si nitengeneze aplikesheni yetu wenyewe? Mume wangu akaninunulia laptopu ya mtumba, HP, RAM GB 4, nikaanza kuangalia video YouTube usiku mtoto akishalala. Dada, tangu hapo ni kuchanganyikiwa tu. Shemeji yangu anasoma kompyuta Dodoma akasema anza na Kotlin, lugha ya kuandikia programu, ndo ya Android yenyewe. Nikaanza. Binamu yangu yuko Dar akacheka akasema Kotlin inakubana, jifunze Flutter, ukiandika mara moja inakubali Android na iPhone. Nikahamia huko. Kuna mwingine akaniambia React Native ndo ina kazi, nikaangalia video zake mbili tatu nikaona kumbe inabidi kwanza ujue JavaScript, nikaanza JavaScript. Na kuna kijana mteja wangu pale kibandani yeye anasema nisijisumbue kabisa, akili mnemba ntaiambia tu iniandikie yote.

Mpaka sahivi sijamaliza hata kimoja. Android Studio, ile programu ya kutengenezea aplikesheni za Android, niliishusha ikala bando la wiki, nikiifungua laptopu inaunguruma kama mashine ya kusaga, alafu ile simu ya ndani, emuleta, inabaki nyeusi mpaka nakata tamaa naenda kulala. Kwenye Flutter nikafuata video neno kwa neno, mwalimu kaandika RaisedButton kwake kitufe kimetokea, mimi nimeandika vilevile kwangu mstari mwekundu. Nikafuta nikaandika upya, mwekundu. Nikajua basi mi ndo mjinga, na hesabu shuleni sikuziweza, Kiingereza changu nacho cha kuungaunga.

Sasa kuna jamaa hapa mjini anafundisha miezi mitatu, laki tatu na nusu, na cheti juu, anasema ukimaliza kazi uhakika. Hela ninayo, juzi nimepokea mchezo, ila moyo unasita. Nimlipe? Nianze na lugha ipi? Hii laptopu inatosha? Na ningependa aplikesheni ikate hela ya hisa yenyewe kwenye M-Pesa za wanachama ili nisisumbuane na mtu. Nisaidie dada yangu.

Mweka Hazina wa Moro

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Ntaanza na hela maana hiyo ndo inaweza kuondoka kesho asubuhi kabla hujamaliza kusoma.

Usimlipe. Sisemi ni tapeli, simjui, ila mtu anayekwambia kazi uhakika kwa miezi mitatu kutoka sifuri anakuuzia kitu ambacho hana stoo. Kama bado unamfikiria, mwombe akuonyeshe aplikesheni moja aliyoitengeneza yeye iliyopo Play Store, uishushe kwenye simu yako uione inafanya kazi, alafu muulize anafundisha kwa toleo gani la Flutter au la Android Studio. Akianza kuzungukazunguka umeshapata jibu. Mafunzo yenyewe ya mwanzo yapo bure kwa wenye mali: Google wana kozi yao inaitwa Android Basics with Compose kwa upande wa Kotlin, na Flutter wana somo la aplikesheni ya kwanza unaandika hatua kwa hatua, hakuna anayekudai hata mia.

Hiyo hela ya mchezo, sehemu yake ipeleke kwa fundi laptopu. Mwambie afungue aangalie kama kuna nafasi ya kuongeza RAM, laptopu nyingi za mtumba za HP zinayo ila kuna nyingine RAM imechomelewa kabisa kwenye bodi, kwahiyo afungue kwanza ndo mkubaliane bei. Ifike GB 8. Na kama diski ni ile ya zamani inayozunguka, mwambie akuwekee SSD, hapo utadhani umebadilishiwa kompyuta. Android Studio yenyewe wenye nayo wanataka angalau GB 8 na emuleta ukiiongeza wanakwambia 16, kwahiyo ule weusi ulioukodolea macho usiku haukuwa ujinga wako, ni mashine ilikuwa imezidiwa.

Alafu achana na emuleta moja kwa moja, hata ukishaongeza RAM. Tumia simu yako. Nenda kwenye mipangilio, kuhusu simu, tafuta palipoandikwa build number (simu nyingine wanaficha ndani kidogo), gonga hapo mara 7 mfululizo, simu itakwambia sasa wewe ni mtengenezaji. Kweli kabisa inakwambia hivyo. Rudi nyuma utakuta menyu mpya imetokea, washa USB debugging, chomeka waya kwenye laptopu, simu itauliza kama unaiamini hiyo kompyuta, kubali. Na angalia waya! Zile za barabarani nyingi zinapitisha chaji tu hazipitishi data, unaweza ukakaa siku nzima unafikiri umeharibu kitu kumbe waya.

Haya, lugha. Shemeji yako hajakudanganya, Google tangu 2019 walisema Android kwao ni Kotlin kwanza. Binamu naye hajakudanganya, Flutter ni ya Google haohao na toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018, ukiandika mara moja unatoa Android na iPhone. Hata huyo wa React Native, ilitoka Facebook 2015 na watu wanakula kwayo mpaka leo. Wote wako sawa na ndo maana wamekuchanganya, kila mmoja anakujibu kwa maisha yake yeye, hakuna aliyekuuliza una mashine gani na unataka kutengeneza nini.

Mimi nakwambia Flutter, na sababu yangu sio iPhone wala nini (kwanza kutoa ya iPhone unahitaji kompyuta ya Mac, na Apple wanataka dola 99 kila mwaka, hayo tuyaache). Sababu ni laptopu yako. Flutter unaweza kuiandikia kwenye VS Code, programu ya kuandikia kodi ambayo ni nyepesi sana kuliko Android Studio, na ukishairusha kwenye simu mara ya kwanza, ukibadilisha kitu kidogo, rangi au maandishi, kinaonekana kwenye simu sekunde hiyohiyo bila kujenga upya. Kwa mtu anayejifunza usiku amechoka hiyo ni kubwa mno. Ila Android Studio usiifute, kuna vifaa vya Android SDK vilivyokuja nayo na Flutter inavihitaji, we acha tu ikae bila kuifungua. Ukishaweka Flutter andika flutter doctor kwenye ile skrini nyeusi ya amri, itakuorodheshea nini kipo na nini kinakosekana. Na mara ya kwanza kabisa kujenga itashusha vitu vingi, fanya ukiwa sehemu yenye wifi, usiingize bando la simu pale utalia.

Wakati laptopu iko kwa fundi, fungua DartPad kwenye simu yako, ni ukurasa tu wa mtandao, unaandika Dart (lugha ya Flutter) na inafanya kazi humohumo bila kushusha chochote.

Sasa RaisedButton. Hii imenikera kwa niaba yako. Hicho kitufe kilifutwa, sahivi kinaitwa ElevatedButton. Umeangalia video ya zamani basi, na mwalimu wa video hawezi kurudi kuirekebisha. Dart, lugha ya Flutter, ilibadilika sana Machi 2021 lilipotoka toleo la 2.12, na ilipofika Dart 3 Mei 2023 mambo mengi ya zamani yakagoma kabisa. Kwahiyo kabla hujabonyeza video yoyote angalia tarehe, ya kabla ya 2021 ipite hata kama ina watazamaji milioni. Na mstari mwekundu usiufute, peleka mshale juu yake usome, mara nyingi inasema hii kitu siijui au hapa umesahau alama. Kiingereza cha huko ni maneno yaleyale kila siku, ukishayazoea thelathini hivi umemaliza, mengine unakopi unaweka kwenye mtafsiri.

Tuje kwenye kikoba, maana hapa ndo nataka ukae. Usijifunze Flutter alafu uje utengeneze aplikesheni ya kikoba. Tengeneza ya kikoba, Flutter utaijulia humo. Anza na skrini moja tu: sehemu ya kuandika jina, sehemu ya kuandika kiasi, kitufe kimeandikwa Hifadhi, chini yake orodha, na chini kabisa jumla. Hakuna kuingia kwa nywila, hakuna rangi za kupendeza, hakuna intaneti. Na hata hiyo itakusumbua vizuri tu, ngoja nikuonyeshe.

Utaandika mama fulani katoa 5000, mwingine katoa 2000, utaiambia programu ijumlishe, na itakuletea 50002000. Milioni hamsini na elfu mbili! Kikoba kimetajirika. Kinachotokea ni kwamba kile ulichoandika kwenye kisanduku kwa programu ni maandishi sio namba, na maandishi ukiyajumlisha yanaunganishwa tu. Inabidi uyageuze kwanza yawe namba, kwenye Dart wanatumia int.parse. Haya umegeuza, inajumlisha 7000, umefurahi, unampa mwenzako ajaribu anaandika 5,000 na koma yake kama tulivyozoea, programu inagoma palepale. Au 5000/= kabisa. Sasa unajifunza int.tryParse ambayo ikishindwa inakuletea null (yaani hakuna kitu) badala ya kugoma, na wewe unamwambia mtumiaji aandike tarakimu tupu. Alafu unaweka riba, mkopo wa 150000 kwa asilimia 10, unaandika mara 10 gawa kwa 100, skrini inaonyesha 15000.0, hiyo nukta sifuri imetoka wapi? Kwenye Dart ukigawanya kwa / kila mara unapata namba ya desimali, ukitaka namba kamili unatumia ~/. Hayo utayapata DartPad kabla hata laptopu haijarudi (isipokuwa hiyo nukta sifuri, DartPad itakuonyesha 15000 tu, utaikuta ukirusha kwenye simu), na mtu aliyekutana na hayo kwa mikono yake ameshamzidi aliyeangalia video arobaini.

Baada ya hapo utafunga aplikesheni, ukifungua kesho yake orodha imekwisha, tupu. Ilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Hapo ndo wakati wa kujifunza databesi, sehemu ya kutunzia taarifa zisipotee, umefika, na sio kabla. Android zina databesi inaitwa SQLite ndani tayari, kwenye Flutter unaifikia kwa kifurushi kinaitwa sqflite. Chukua muda hapo, ni pagumu kidogo.

Na jinsi ya kupanga hiyo databesi we unaijua kuliko shemeji yako wa Dodoma. Kosa la wanaoanza wengi ni kuweka jina na salio, mtu akitoa hela wanabadilisha salio. Sasa Jumamosi mama akisema nilikupa elfu kumi wiki iliyopita utamwonyesha nini? Salio tu, halisemi limetokea wapi. Kibandani kwako unafanyaje, si kila muamala una mstari wake, tarehe, kiasi, aina? Fanya hivyohivyo. Kila kitu kinachoingia au kutoka ni mstari mpya, hisa, rejesho, faini, jamii, na salio usilihifadhi popote, liwe linajumlishwa kutoka kwenye mistari kila ukifungua. Ukikosea usifute, andika mstari wa kurekebisha. Ukigusa jina la mwanachama zinafunguka tarehe zake zote, ugomvi wa nusu saa umeisha kwa kidole kimoja. Unasema hesabu huziwezi ila unashika hela za kikoba mwaka wa pili na hazijapotea, hesabu za humu ni kujumlisha, kutoa na asilimia, hakuna zaidi.

Ile ya kukata M-Pesa yenyewe iondoe kichwani kwa sasa. Inawezekana, mitandao ina njia za kuunganisha programu na pesa za simu na Vodacom wana yao ya M-Pesa yenye sehemu ya kujaribia, lakini kwa hela za kweli utaulizwa usajili wa biashara na makubaliano, na ukikosea mstari mmoja unakata hela ya mtu mara mbili, kinamama watakuhamisha mtaa. Weka kisanduku cha kuandika namba ya muamala kutoka kwenye meseji, inatosha. Hata intaneti iache kwanza. Siku utakayotaka kuweka majina na madeni ya watu mtandaoni, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, deni la mtu ni siri yake.

Akili mnemba, kijana wa kibandani hajakosea yote. Itumie kukueleza, ibandikie lile kosa jekundu iulize hii maana yake nini, inasaidia kweli hasa kwa mtu asiye na wa kumuuliza saa tano usiku. Ila ukiiambia iandike yote itakuandikia, tena vizuri, alafu Jumamosi jumla haikubaliani na boksi la hela na watu ishirini wanakuangalia na we hujui hata uanze kuangalia wapi. Nyingine inakuletea yaleyale ya zamani, RaisedButton zimo humo. Kitu chochote ilichokuandikia ambacho huwezi kunielezea mimi kwa Kiswahili, kitoe.

Play Store sio lazima. Unaweza kutoa faili la APK (ndo lile la kuwekea aplikesheni kwenye simu) ukajitumia WhatsApp, simu italalamika kidogo kwamba chanzo hakijulikani, unaruhusu. Baadaye ukitaka kuiweka rasmi ni dola 25 mara moja tu, ila akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima kwanza aplikesheni ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo, mwanzo walitaka 20 wakapunguza Desemba 2024. Wengine wanahangaika kutafuta hao watu mpaka wanalipa, we kikoba unacho.

Na kaunta buku usilitupe, andika kotekote mpaka mzunguko mzima uishe mgawane hela mkiwa mmelinganisha. Aplikesheni ikifutwa kwenye simu, na databesi yake ya ndani kwa kawaida inaondoka nayo, na simu zenyewe zinaibiwa.

Mambo ya ajira niandikie tena ukishakuwa na hiyo moja inayotumika, sahivi hatuna cha kuongea. Na ukikwama kwenye sqflite, maana utakwama, nitumie maandishi yenyewe ya kosa uliyokopi, tafadhali sana usinipigie picha ya skrini kwa pembeni na taa ya sebuleni inamulika katikati.